Diski Iliyomo Ndani ya Droo

Tudor, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba umenunua diski ya nje ya kuhifadhia nakala za hati za wateja. Umeniuliza kama hiyo yatosha. Haitoshi, na nitakueleza kwa nini.

Wakati wa masika yaliyopita stima ilikatika mara tatu usiku mmoja, na asubuhi kompyuta yangu ya hesabu ikagoma kuwaka. Ndani yake mlisikika mkwaruzo mdogo, kama ukucha juu ya kigae. Sikushtuka, kwa kuwa kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali nilikuwa nikichomeka diski na kungoja iandike kwamba kazi imekamilika. Nilipoifungua kwenye kompyuta ya jirani nikakuta folda zote zimo kwa majina yake, ila faili ya hesabu ilikuwa tupu: kila niliponakili, programu ya hesabu ilikuwa wazi na imeishikilia faili hiyo isinakilike. Miezi minane nilihifadhi makasha matupu! Mke wangu alicheka. Mimi nilikesha juma zima nikiingiza upya risiti, moja baada ya moja.

Kwa hivyo kila mwezi chagua faili moja, uifungue kutoka kwenye diski katika kompyuta nyingine, uulinganishe mstari wa mwisho na karatasi. Ukimaliza kunakili, chomoa diski. WannaCry, programu ya wahalifu iliyosambaa Mei 2017, ilifunga faili kwa fumbo na kudai fidia, na haikubagua kompyuta na diski iliyochomekwa.

Halafu, diski iliyo kwenye droo chini ya kompyuta huungua au kuibwa pamoja nayo. Kituo cha data cha OVH, kampuni inayohifadhi data za wengine, kilipoteketea Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, wako wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake, kwa kuwa vyote viliwekwa mahali pamoja. Nunua diski ya pili, uitie nywila (Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuwajibisha wewe kwa habari za wateja, hata ukiiangusha ndani ya feri), uifunge ndani ya kopo lisilopitisha hewa yetu ya chumvi, ikae kwako Likoni.

Jumamosi nitapita ofisini kwako, inshallah. Tafadhali usiifungue diski uliyonunua kabla sijafika. Nataka tuifungue pamoja.

Wasalaam,
Sahibu yako