Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Figo Mpya, Ini la Zamani

Assalaamu alaykum ndugu wanachama, wa Unguja na nyinyi mliovuka na boti kutoka Pemba.

Hesabu namwachia mhazini, risiti anazo yeye. Kamati ilikaa vikao vyake, na ada zilichelewa kama kawaida yetu. Muda wangu naumalizia kwenye jambo lililotuhangaisha mwaka huu: homa ya ini kwa sisi tuliopandikizwa figo.

Mwenzetu mmoja wa Wete, figo yake ikiwa haina tatizo lolote, alianza kuchoka, chakula hakipiti, macho yakawa ya manjano. Virusi vya homa ya ini aina ya B alikuwa navyo tangu kabla ya upasuaji, na daktari alimpa kidonge cha kuvizuia, kila siku. Kilipokwisha hakununua tena. "Ini haliniumi," aliniambia. Ndiyo hivyo, ini haliumi mpaka maji yafike shingoni. Dawa tunazomeza ili mwili usiikatae figo hulaza askari wetu wa mwili, na virusi vya B, vinavyokaa kimya ndani ya ini miaka na miaka, hupata nafasi ya kuamka. Hata aliyewahi kuugua zamani na kupona yumo kwenye hatari hiyo, ingawa kwake ni ndogo. Alhamdulillahi, mwenzetu aliwahi hospitali, na ameniruhusu niyaseme haya.

Chanjo ya B ipo, lakini wengi wetu tumezaliwa kabla haijaingia kwenye chanjo za watoto. Mimi nilichanjwa nikiwa tayari nasafishwa damu kwa mashine, nikapimwa, kinga haikufika. Figo zikishachoka, mwili hauitiki chanjo sawasawa. Kwa hiyo wagonjwa wa mashine hupewa dozi mara mbili ya kawaida, kisha mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho hupimwa kama kinga imefika uniti 10 kwa lita. Nilirudia sindano zote. Mwenye ndugu ambaye figo zake zimeanza kulegea amchanje sasa, asingoje mashine.

Homa ya ini aina ya C haina chanjo, ila inapona. Zamani tulikuwa na sindano za interferoni, na kwa aliyepandikizwa zilikuwa balaa, kwani ziliweza kuuchochea mwili uikatae figo. Dawa ya sofosbuvir ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2013 mambo yaligeuka: siku hizi ni vidonge, mara nyingi kwa wiki 12, na wanaopona ni zaidi ya 95 katika kila 100. Ukiiacha C, inafupisha umri wa figo mpya na kukuongezea hatari ya kisukari. Wakati wa kuitibu, kabla ya kupandikizwa au baada, aamue daktari wa figo pamoja na wa ini. Baadhi ya dawa za C hazipatani na zile za kulaza kinga.

Jambo zito kuliko yote kwangu halikuwa la dawa. Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo 2017, si lazima tena kila mtu aende India, lakini anayejitolea figo hupimwa B na C popote pale. Kaka wa mwanachama mmoja alikutwa na B. Kabla hajafika nyumbani, mtaa mzima ulishajua, na watu wakaanza kumtengea kikombe. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kikombe, jamani! Inapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kwa mama anapojifungua. Aliyeitoa siri ile alikuwa jamaa yao, na sisi kwenye chama tulichelewa kumtetea yule kijana. Hilo nalibeba mimi.

Kuhusu hijama, yaani kuumikwa, sikatazi, ni sunna. Nasema wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako, na daktari wako ajue kwanza.

Kamati inapendekeza mfuko wa nauli kwa wa Pemba wanaokuja kupimwa. Tutaupigia kura baada ya sala ya adhuhuri. Kadi za chanjo mpeni katibu kabla hamjapanda boti ya kurudi.