Mwarobaini haufai kingo za mto

Mhariri,

Masika yakikaribia, vikundi vya kupanda miti huteremka mitoni na miche ya kila aina, na mwarobaini haukosi. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032, na mti huu huota upesi na kustahimili ukame. Hata hivyo, kingo za mito ya Kombeni na Mwache si mahali pake, kwani ni mti wa kigeni unaojisambaza wenyewe.

Wengi hudhani miti ya kigeni huletwa mitoni na maji. Maji huteremka tu. Ukikuta lantana (kichaka cha kigeni) au mwarobaini umejiotea juu kabisa ya mto, mbali na nyumba za watu, mshuku ndege au popo. Kuzumburu na shorewanda humeza tunda la lantana zima, na mbegu hutoka na kinyesi kabla ya saa moja kupita, mara nyingi ndege akiwa ametua. Tunda la mwarobaini huliwa na ndege pia, ila popo hulibeba, akafyonza nyama yake na kuangusha kokwa chini ya mti anaolia. Ndiyo maana miche hurundikana chini ya mkuyu, mkwaju, mti mkavu, hata chini ya nyaya za umeme.

Msikate mkuyu, basi. Palilieni chini yake. Wiki mbili tatu baada ya mvua kuanza, zungukeni kivuli chote na mita kadhaa nje yake, mng'oe kila mwarobaini usiofika goti, ardhi ikiwa bado mbichi ili mzizi utoke mzima. Mkubwa zaidi ya hapo ukiukata kwa panga tu, kisiki huchipua upya. Chimbueni kisiki, mkishindwa, kateni usawa wa ardhi, ambueni gamba lote lililobaki, kisha mrudi kila mwezi kuvunja machipukizi.

Lantana ina siri yake: machipukizi hutoka pale shina linapokutana na mzizi. Kwa sururu, ukate mzizi mkuu kama sentimita 5 chini ya udongo, kabla matunda hayajawa meusi, na kichaka ukigeuze mizizi juu. Shina likilala kwenye udongo wenye unyevu huotesha mizizi. Kuchoma moto hakusaidii, kwani huchipua tena. Wala ng'ombe wasipewe majani yake. Ni sumu ya ini.

Kosa kubwa ni kufyeka ukingo mzima siku moja. Udongo huporomoka, jua huingia, na mbegu za lantana zilizolala ardhini huota kwa pamoja. Fyekeni sehemu mnayoweza kuipanda wiki hiyohiyo: mkindu na vipande vya matawi ya mkuyu karibu na maji, mkwamba juu kidogo. Kivuli kikishafunga, lantana hudhoofika na kuzaa kidogo. Ni kweli kwamba matunda ya miti hii nayo yataita ndege, na ndege wataleta mbegu nyingine. Kwa hiyo palizi haiishi mwaka wa kwanza. Inapoanzia mikoko mnaweza kupumzika, maji ya chumvi yanawazuia wageni hawa.

Wanaogawa miche nao waondoe mwarobaini na mpera katika orodha ya miti ya mtoni. Mpera nao husambazwa na ndege vivyo hivyo.

Wakuza miche,
Changamwe, Mombasa