Risala ya Wanafunzi wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Mkuu wa Idara na wahadhiri wetu,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika uzinduzi wa maabara mpya ya idara yetu. Mashine hizi tumezisubiri kwa hamu, na tunawashukuru wote waliohangaika hadi zikafika.

Idara yetu ilianza kama kitengo kidogo ndani ya Idara ya Hisabati. Ndivyo zilivyoanza nyingi za fani hii. Pale Cambridge, Uingereza, chombo kilichozaa idara ya kompyuta kilianzishwa mwaka 1937 kwa jina la Maabara ya Hisabati. Mei 1949, chini ya Maurice Wilkes, mkuu wa maabara hiyo, kompyuta yao iliyoitwa EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza. Ilikuwa na valvu za kielektroniki, yaani mirija ya kioo ya kudhibiti umeme, zipatazo 3,000, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa katika mirija ya zebaki. Simu ya mkononi ya leo inaiacha mbali mno. Hata hivyo, Mheshimiwa, ipo sababu ya kuitaja hapa.

EDSAC haikujengwa ili itazamwe. Wilkes aliitaka ihudumie chuo kizima, na watafiti wa fani nyingine wakaja na hesabu zao. John Kendrew aliitumia kutafuta umbo la mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni katika misuli, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962. Usiku, waendeshaji wakishaondoka, watumiaji walioidhinishwa waliachiwa mashine waendelee peke yao hadi itakapokwama. Mwaka 1953 maabara hiyo ikaanzisha stashahada ya kompyuta, ya kwanza ya aina yake duniani. Idara ilikua kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi.

Sisi mlango wetu unafungwa jioni. Mwanafunzi anayeandika programu anajua kwamba kosa moja linaweza kula saa nyingi, na mara nyingi anafukuzwa na muda akiwa amebakiza hatua moja tu. Tunaomba maabara hii iwe wazi hadi usiku, na awepo mtu wa zamu.

Ombi la pili ndilo zito zaidi. Fundi sanifu mmoja hawezi kutunza mtandao, seva na kompyuta zote hizi. Bajeti ya kununua ikipita bila bajeti ya matengenezo na ajira, vifaa vitazeeka vikiwa vimefunikwa. Tunajua kuajiri hakupigiwi picha kama kukata utepe, lakini tunakusihi utusemee huko kwenye vikao.

Tunaomba pia wenzetu wa kilimo, tiba na isimu wapewe nafasi humu, nasi tufanye miradi ya mwaka wa mwisho pamoja nao. Mradi wenye mtu anayeusubiri hufanywa kwa bidii nyingine kabisa.

Kwa upande wetu, tupo tayari kushika zamu za kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Orodha ya waliojitolea tumeshaikabidhi kwa Mkuu wa Idara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.