Tofali za kufungamana: kosa si la mashine

Mhariri,

Tofali za kufungamana, yaani zinazoshikana zenyewe zikipangwa, hushindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji. Hazichomwi kwa kuni, na ukuta hupanda bila mota (udongo wa saruji wa kuunganishia) kila kozi, yaani kila mstari wa tofali. Zikimomonyoka, mashine hulaumiwa. Kosa huwa udongo na maji.

Kwanza pima udongo: ujaze ukiwa umelowa kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, uanike ukauke kabisa. Ukisinyaa kwa urefu chini ya sentimita 1.5, saruji 1 kwa udongo 16 yatosha. Ukikaribia sentimita 5, shuka hadi udongo 12. Zaidi ya hapo, changanya mchanga kwanza.

Kisha finyanga donge la mchanganyiko wenye maji, liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, fyatua. Likisambaratika, ni kavu. Likibonyea tu, limelowa mno.

Halafu wapo wanaochanganya mfuko mzima wa saruji asubuhi na kufyatua hadi jioni! Baada ya saa moja saruji imeanza kukamata. Hilo ni tope la bei ghali. Tofali zikishafyatuliwa, zifunike kwa nailoni, nyunyizia maji siku 7. Wakati wa kujenga, kozi ya kwanza tu ndiyo ya mota na pimamaji: ikipinda kidogo, ya kumi itakuumbua.

Fundi mwashi,
Dodoma