Tumbawe la mjomba linaoza

Chumbageni, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku wazima, mama anakusalimu. Najua nimenyamaza tangu mfungo, unisamehe. Mwanaidi, lile tumbawe linakufa.

Lile laini la umbo la uyoga, lililonasa kwenye wavu wa mjomba pamoja na jiwe lake. Miaka miwili limekaa tangini sebuleni, minyiri yake ikipepea mchana kutwa. Sasa wiki tatu limejikunyata. Mwanzoni sikuhangaika, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuwa aina hii hujifunga siku kadhaa, ikavua utando kama wa nta, kisha ikafunguka upya. Nikangoja. Juzi nikaona ukingoni pamekuwa kahawia, panateleza, na nilipoinama nikapata harufu ya uozo. Huko si kujivua.

Kosa ni langu. Joto hili la kaskazi linakausha maji, nami kila yalipopungua nikajazia ya bahari niliyochota Raskazone. Maji huenda, chumvi hubaki! Nilitakiwa kujazia maji matamu yasiyo na klorini. Nimeazima kipimo: gramu 39 kwa lita badala ya 35, na joto nyuzi 31. Umeme ukikatika usiku pampu inasimama, basi nakesha nikiyakoroga maji kwa kikombe.

Chumvi naishusha polepole, kwani kuishusha ghafla ni kulimaliza kabisa. Nimetia chupa ya barafu humo ielee, kupunguza joto. Lakini uozo unasonga. Mzee Kombo alikuja, akalitazama, akanyamaza, kisha akaanza habari za 1998, matumbawe yalivyogeuka meupe pwani nzima kwa joto la bahari. Sikuweza kumsikiliza. Haya, na mjomba je, nitamwambia nini akirudi?

Najua dawa yake ni wembe. Kukata pote palipooza hadi kwenye nyama nzima, kuliosha kwa maji ya chumvi yenye ayodini, na kipande kilicho salama kukifunga kwa uzi kwenye jiwe mpaka kishike. Wembe ninao. Mara mbili nimetia mkono tangini nikautoa. Wale samaki wawili bado wanalala chini yake.

Nikate sasa, au ningoje chumvi itulie kwanza? Niingie ndani ya nyama nzima kiasi gani? Na ule mkaa wa kuchujia, unapatikana huko Dar? Likikatwa hutoa sumu majini, naogopa kwa ajili ya samaki. Unaweza kumpa dereva wa basi la asubuhi? Au Ijumaa huna kazi, ukaja mwenyewe? Mkono wako ni mtulivu kuliko wangu. Chumba kipo, na mama ameshasema atapika samaki wa kupaka.

Nijibu hata maneno mawili.

Shoga yako,
Saumu