Malalamiko: injini ya Datsun 240Z iliyochongwa bila ruhusa yangu

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Garaji,

Salamu kwako. Nakuandikia kuhusu injini ya gari yangu, Datsun 240Z ya mwaka 1972, ambayo mafundi wako wamenikabidhi ikiwa imeshafungwa, pamoja na faktire (hati ya malipo) nisiyoikubali.

Karatasi ya mapatano ninayo, yenye sahihi yako na yangu. Inasema mfungue injini, msafishe, mpime, kisha mniite tuamue pamoja kipi kitengenezwe na kipi kiachwe. Sikuitwa. Nimekuta silinda zimechongwa, upana wake kutoka milimita 83 hadi 83.5, na pistoni sita mpya zimewekwa. Nilipoomba vipimo vya kila silinda, juu na chini, fundi mkuu akanijibu: "Patroni, gari ya zamani hii, heri tuweke vyote vipya." Vipimo hadi leo sijaviona.

Injini hii haikuwa inatoa moshi wa buluu wala kula mafuta ya injini. Huenda segma (pete za pistoni) mpya na kuzisugua silinda kidogo kungetosha. Nani atajua sasa? Chuma kikishachongwa hakirudi, na bloki ya namna hii haichongwi mara nyingi. Fundi aliongeza kwamba vumbi la Katanga linamaliza silinda. Gari za aina hii zilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, kwa hiyo vumbi tusilisingizie bila kipimo.

Linaloniudhi zaidi ni kulasi, kichwa kinachofunika silinda. Gari niliileta kwenu kwa sababu ilikuwa inachemka, na hilo limeandikwa mstari wa kwanza wa mapatano. Kulasi yake ni ya alumini juu ya bloki ya chuma. Ikichemka sana hupinda. Ilitakiwa kuwekewa rula ya chuma na kuchunguzwa mwanga unapita wapi. Kwenye faktire hakuna kazi hiyo. Mmeipangusa, mkaweka gasketi mpya, mkafunga. Sasa nikikwama kwenye foleni ya Chaussée de Kasenga mshale wa joto unapanda, maji ya radieta yanapungua, na chini ya kifuniko cha mafuta kumeganda povu la rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye mafuta, yanapita kwenye vilbrekini, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Kwa hiyo sitalipa kazi ya kuchonga wala pistoni mpaka nione vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kuchonga, kama vipo. Pistoni za zamani nirudishieni zote sita. Kulasi ifunguliwe na kupimwa mbele yangu, kwa gharama zenu, na vikombe ambamo vilbrekini inazunguka vikaguliwe siku hiyohiyo. Ikibidi kuinyoosha kulasi kwa kuikwangua, mkumbuke kwamba ikishuka, mnyororo wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu) unalegea na valvu zinachelewa kufunguka. Vibao vyenye unene sawa na chuma kilichoondolewa viwekwe chini ya nguzo za kamshafti. Asiyejua hilo asiiguse.

Gari iko nyumbani kwangu Kamalondo na siiwashi tena. Mje kuivuta kwa lori, isiendeshwe. Nijulisheni siku, nitakuwepo kabla boliti ya kwanza haijalegezwa.

Mteja wenu,
Mwenye Datsun 240Z