Mada ya Jumamosi: zebaki

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi saa 2 usiku tutajadili zebaki, ile metali ya majimaji (mercury), inayotumika kunasa dhahabu kwenye machimbo madogo, kama ya Geita. Mchimbaji anapochoma ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, mvuke wa zebaki humwingia mapafuni. Akiendelea hivyo, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, anakuwa mwoga na mwenye hasira. Ndugu wanaweza kudhani karogwa, kumbe ni sumu. Zebaki inayofika majini, bakteria wa kwenye tope huigeuza methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, nayo hupanda hadi kwa samaki tunaowala. Tutagusia pia Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 iligunduliwa kuwa watu wanaugua, na baadaye ikajulikana chanzo ni samaki wenye methili-zebaki.

Wauguzi, tafadhali msikose. Mgonjwa wa akili akitoka machimboni, je, huwa anaulizwa kazi yake? Hilo linaniumiza sana. Maswali yatumeni hapa kabla ya Ijumaa jioni.